Shangazi, mume wangu kaifunga nyumba kama serikali ya Marekani

Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, ndoa yangu ina miaka kumi na nne na sijawahi kukuandikia maana nilikuwa naona wanaokuandikia wana shida kubwa kuliko zangu, ila hili limenifika hapa kooni.

Mume wangu anaendesha bajaji, bajaji ni ya kwetu tulishamaliza mkopo wake, namshukuru Mungu. Hanywi, hapigi, wanawake sijamkamata na yeyote. Ugonjwa wake ni mmoja tu Shangazi, Marekani. Hata Nairobi hajawahi kufika lakini muulize maseneta wako wangapi atakwambia mia, muulize mswada unataka kura ngapi ili usizuiwe atakwambia sitini, halafu muulize mwanao wa pili yuko darasa la ngapi uone anavyoanza kukuna kichwa. Bando linaisha kwenye hizo klipu. Mwaka jana Oktoba waliposhindwana bajeti wakafunga serikali yao, kijiweni kwao walikuwa wanafuatilia kama Simba na Yanga, kila asubuhi nikiamka naambiwa leo siku ya kumi na sita, leo siku ya thelathini, mpaka zikafika 43. Mi nikajua ni starehe yake tu, kuna wanaume wanafuga njiwa.

Sasa ikafika Januari. Mkubwa wetu kachaguliwa form wani, unajua mambo ya form wani, sare, viatu, begi, yale madaftari makubwa, nikapiga hesabu ikaja 285,000. Nikamletea. Na yeye akatoa karatasi yake, kuna kifurushi cha king'amuzi, kuna jezi, kuna kitu kimeandikwa "matengenezo" 200,000 hakina maelezo hata mstari mmoja. Nikamuuliza matengenezo ya nini, akasema hiyo ni siri ya ulinzi. Tukabishana mpaka saa sita usiku watoto wanatusikia. Asubuhi kanywa chai yangu vizuri tu, akasimama akasema, mama, bajeti haijapita, kuanzia sasa serikali imefungwa mpaka pande mbili zikubaliane. Nikacheka. Shangazi nilicheka! Jioni narudi gengeni nakuta karatasi imebandikwa kwenye friji. Zinazoendelea ni unga, maji, LUKU ya elfu mbili, mafuta ya bajaji na "kahawa ya Mwenyekiti". Zilizositishwa ni nyama, kusuka, michango ya harusi, nauli ya kwenda kwetu na chai ya saa kumi. Na mimi jina langu lipo chini kabisa, "mtumishi muhimu", maana yake napika nafua naogesha watoto bila kodi ya meza na serikali ikifunguliwa nitalipwa malimbikizo. Mimi baba yangu alikuwa mwalimu Shangazi. Neno malimbikizo nimelisikia toka tumboni, mzee kastaafu bado analiota.

Haikuishia hapo. Akasema kuna idara ya kubana matumizi inaitwa DOGE, ilikuwa ya yule tajiri wa magari ya umeme, na yeye kaifungua kwetu. Akaanza na dada wa kazi. Kamwambia kila Ijumaa amtumie mambo matano aliyofanya wiki hiyo la sivyo ahesabu kajiuzulu. Yule binti katuma voisi, ninayo mpaka leo: "Nimefua, nimefua, nimepika, nimefua, na mtoto kajinyea nikafua." Akaambiwa mambo yanajirudia hakuna ufanisi, kapunguzwa kazi. Na simu ya kitochi tuliyompa akanyang'anywa, eti mali ya serikali. Siku ya tatu mdogo kashikwa na homa usiku, kadi ya kliniki haijulikani ilipo, aliyekuwa anajua ni yule dada, na kumpigia hatuwezi kwa sababu simu yake iko mezani kwetu. Baba watoto alizunguka na bajaji mpaka Chamazi anaulizia kwa mashangazi wa yule binti.

Halafu akakagua daftari langu akakuta "Saluni 60,000". Kijiwe kizima kikajua mke wa fulani anaweka elfu sitini kichwani wakati mtoto hana viatu vya shule. Shangazi mi nasuka kwa elfu nane tena kwa jirani. Saluni ni jina la kijumbe wetu wa mchezo, tunamwita Mama Saluni kwa kuwa ana saluni! Sikumwambia kama nacheza mchezo, hilo nakiri, lakini sasa ndo nitembee na hiyo aibu.

Kwa Mangi dukani deni limefika 90,000, Mangi alishasema mwisho wake 50,000, baba watoto kaenda kumwambia apandishe kikomo maana hata Marekani wanapandisha kila siku na hakuna aliyekufa. Kaka yake yuko Houston anabeba boksi, alikuwa anatutumia kidogo kila mwezi, na yeye kasimamisha toka Januari anasema Trump anakata kodi kwenye hela zinazotumwa nje.

Leo ni siku ya 29. Mtoto anaenda form wani na viatu vya binamu yake, vinambana. Nikimwambia mume wangu hili jambo liishe ananiambia rekodi ya Marekani ni 43, tumebakiza kumi na nne, tukaze.

Shangazi naomba kujua mawili. Hivi haya mambo kweli Marekani yapo au ananitungia? Na je, nirudi kwetu?

Mama Watatu, Mbagala.

—

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako nikiwa nachambua mchele nikamwaga nusu, hiyo "siri ya ulinzi" imeniua.

Nianze na swali la kwanza maana ndo jepesi. Hakutungii. Karibu yote aliyokwambia yapo, na huo ndo ubaya wake, mumeo hajasema uongo, kasema nusu. Na nusu aliyoiacha ndo yenye haki zako. Mi mwenyewe Oktoba ile nilikuwa nakesha na redio kama ye, kwa hiyo kaa hapa tuimalizie.

Ile serikali ilifungwa 1 Oktoba 2025, ndo siku mwaka wao wa fedha unaanza kama sisi tunavyoanza 1 Julai, ikafunguliwa 12 Novemba. Siku 43 ni kweli. Rekodi ya kabla yake ilikuwa siku 35, Desemba 2018 mpaka Januari 2019, na ile nayo ilikuwa chini ya Trump. Hakukuwa na vita wala mapinduzi, walishindwana tu kwenye karatasi kama nyinyi na karatasi zenu, chama cha Democratic wanataka ruzuku ya bima ya afya iendelee, Republican, chama cha Trump, wanasema fungueni kwanza tutaongea baadaye. Kwa ugomvi huo laki na laki za watumishi wakarudishwa nyumbani, na wengine kama waongoza ndege wakaambiwa nyie ni muhimu, njooni kazini, mshahara tutaonana mbele. Ndo hilo cheo alilokupa. Kwa Marekani mtumishi muhimu ni yule ambaye akiacha kazi watu watakufa, kwa hiyo asiachie, na hela asiione. (Sisi huku cheo hicho tunakiita mke.)

Sasa nusu aliyoificha. Mwaka 2019 walitunga sheria kwamba serikali ikifunguliwa watumishi wote wanalipwa siku zote, aliyefanya kazi na aliyekaa nyumbani. Yani malimbikizo kule si ahadi ya kijiweni. Kwa hiyo chukua daftari lako lile lile la Saluni, andika kodi ya meza ya siku 29 kwa kiwango alichokuwa anaacha zamani, bandika pembeni ya karatasi yake kwenye friji. Na usisahau chakula cha kutoka mfukoni kwako, maana unga peke yake haujawahi kuwa mboga.

La pili alilolificha ni kwamba siku zote 43 wabunge wa Kongresi waliendelea kupokea mshahara wao, dola 174,000 kwa mwaka kila mmoja, hao hao walioshindwa kupitisha bajeti. Aliyeharibu anakula, anayekagua mizigo uwanja wa ndege anakopa. Ukiangalia hapo utaielewa vizuri ile "kahawa ya Mwenyekiti". Mumeo kaiga kwa umakini sana.

Na ujue hii tabia ya kufunga ofisi wala si ya asili kwao. Zamani bajeti ikichelewa walikuwa wanaendelea na kazi hivo hivo wakijua itapita. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu wao Benjamin Civiletti akaisoma upya sheria ya mwaka 1884 akasema hapana, bila idhini ya Kongresi ofisi hairuhusiwi kutumia hata senti, na toka hapo ikawa silaha. Nyumba yenu imekaa miaka kumi na nne bila kufungwa, na kaifunga mtu mmoja aliyesoma kitu usiku akakielewa vibaya.

Halafu mwambie hivi, na umwambie kwa sauti ya upole kabisa, kwamba nyie mnaishi Mbagala. Katiba ya hapa, ibara ya 90, inasema Bunge likikataa bajeti ya Serikali Rais anaweza kulivunja Bunge. Ndo maana hujasikia Dodoma wamefunga ofisi siku 43, maana kila mbunge anajua akikataa sana anaweza kurudi jimboni kuomba kura upya na gari la mkopo halijaisha. Sasa kwa hesabu za kwetu, nyumba ikishindwa kupitisha bajeti huvizii rekodi, unarudi kwa waliowapa kura. Waliowapa nyie kura ni mshenga na wazee wa pande mbili. Mwulize yuko tayari kukaa mkekani na baba yako, mwalimu mstaafu, amweleze mzee maana ya malimbikizo.

Tuje kwa dada wa kazi, hapo ndo niliumia. Ile barua ya mambo matano ipo, Februari 2025 wafanyakazi wa serikali kuu walitumiwa barua pepe mwisho wa wiki waeleze mambo matano waliyofanya, na yule tajiri, Elon Musk, akaandika mwenyewe kwamba asiyejibu tutachukulia kajiuzulu. Lakini mumeo hakufika kwenye ukurasa wa pili. Mwezi huo huo walifukuza mamia ya watu kwenye idara inayotunza mabomu ya nyuklia, mabomu mwanangu si mabeseni, kesho yake wakashtuka wakataka kuwarudisha na wakashindwa kuwapata baadhi, kwa sababu walishawafungia barua pepe za kazini na namba nyingine hawana. Nilipofika pale kwenye barua yako kitochi kiko mezani na mtu anazunguka Chamazi na bajaji usiku, nikasema huyu mwanaume aajiriwe Washington. Kama yule binti kakubali kurudi muongezeni mshahara. Kama hajarudi, aende mumeo mwenyewe akaombe radhi, abebe kitochi na sukari kilo mbili.

Na Saluni. Hii nayo ina pacha wake. Mwisho wa Januari mwaka jana msemaji wa Ikulu yao alisimama mbele ya waandishi akasema wameziba dola milioni 50 za kununulia kondomu za Gaza, Trump akaipokea akaizungusha, dunia nzima ikashangaa. Waliochimba hawakuziona hizo kondomu, walichokikuta ni kwamba kuna mkoa unaitwa Gaza uko Msumbiji, majirani zetu hawa, wenye mradi wa Ukimwi. Musk alipoulizwa akajibu kwamba baadhi ya mambo anayosema hayatakuwa sahihi na yatarekebishwa. Basi na wewe umepigwa Gaza, mwanangu. Jina moja, mahali pawili, na aibu imeshafika kijiweni kabla ukweli haujavaa viatu. Ila nikugombeze kidogo, mchezo wa elfu sitini kwa mwezi miaka yote hiyo na mumeo hajui, hiyo siyo akiba hiyo ni serikali ya pili ndani ya nyumba. Mwambie. Mwambie ukiwa na hela ya zamu yako mkononi, atasikiliza vizuri zaidi.

Sasa jambo lenyewe, ambalo ndo lilinifanya nikujibu kwa urefu hivi. Wamarekani ukiwauliza misaada kwa nchi za nje inakula kiasi gani cha bajeti, kwa wastani wanakwambia kama robo. Ni kama asilimia moja. Moja! Hela nyingi zinakwenda kwenye pensheni za wazee, matibabu, jeshi, na riba ya madeni yao, lakini huko hakuna mwanasiasa anapenda kushika maana wazee wanapiga kura. Kwa hiyo wakashika ile asilimia moja ndo wakaipigia ngoma, Trump akasimama mbele ya Kongresi Machi mwaka jana akaitaja Lesotho kuwa nchi ambayo hakuna mtu amewahi kuisikia, na kufika 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi. Huku kwetu miradi ya afya ikasimama watu wakarudi nyumbani vitambulisho vikiwa bado shingoni. Musk alianza kwa kuahidi kuokoa dola trilioni 2, akashuka akasema moja, kwenye orodha yao wakaandika mkataba mmoja umeokoa bilioni 8 kumbe ulikuwa milioni 8, mwisho wa Mei akaaga akarudi kwenye magari yake. Na mwaka wa fedha ulipoisha matumizi yote yalikuwa juu kuliko mwaka uliopita. Kakata kwa msumeno miezi yote hiyo na gogo limeongezeka urefu.

Hicho ndo kinachofanyika jikoni kwako. Kakata kusuka kwa elfu nane. Kakata chai ya saa kumi. Kamkata binti anayefua. Sasa nimesoma barua yako mara tatu natafuta kitu kimoja sijakiona, hujaniandikia bajaji inaingiza shilingi ngapi kwa siku. Miaka kumi na nne! Unajua bei ya madaftari mpaka mia ya mwisho na hujui bajaji inaleta ngapi. Mwanangu, bajaji ndo Pentagon yenu. Wizara ya Ulinzi ya Marekani inakula zaidi ya dola bilioni 800 kwa mwaka, ilikaguliwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 2018 na toka hapo haijafaulu ukaguzi hata mara moja, kila mwaka wakaguzi wanatoka na karatasi wanasema hesabu hazishikiki, na kila mwaka inaongezewa. Ndo maana nilikwambia ile "siri ya ulinzi" imeniua, alijiita mwenyewe bila kujua. Usimuulize kwa ugomvi. Mwambie tu DOGE ni wazo zuri sana baba watoto, tena limechelewa, ila nimesikia wenzetu walikosea kuanzia kwenye mboga, sisi tuanzie Pentagon. Daftari jipya, kila jioni kilichoingia, mafuta, gereji, kilichobaki. Na mkeka. Hukuniandikia kama anabeti lakini kijiwe kinachojua kura sitini za seneti hakiwezi kukosa mkeka, na mkeka wa buku mbili kila siku kwa mwezi ni elfu sitini. Ndo saluni yenyewe hiyo.

Kwa Mangi sina utani. Kweli Marekani wamepandisha kikomo cha deni zaidi ya mara 70 tangu 1960, Julai mwaka jana wakakiongeza trilioni 5 kwa mpigo, na Oktoba wakati milango imefungwa deni lao likavuka dola trilioni 38. Yani ofisi imefungwa, deni liko kazini. Lakini wao wanadaiwa kwa hela wanayoitengeneza wenyewe, na dunia nzima inapanga foleni kununua hatifungani zao. Hatifungani ya mumeo nani atainunua, Mangi? Na hata wao imeanza kuwauma, mwaka wa fedha 2024 riba peke yake iliipita hela ya jeshi. Tisini elfu ilipwe, ikiwezekana kwa hela ya jezi. Na ukimsikia anataja mkopo wa kausha damu ili amlipe Mangi, hapo ndo ufunge nyumba wewe.

(Kitu kimoja nimekikumbuka, 12 Novemba, siku ile ile Trump anasaini kufungua serikali, kule Philadelphia walipiga senti yao ya mwisho ya kutumika mtaani. Walikuwa wanaitengeneza senti moja kwa gharama ya karibu senti nne. Toka 1793 wako nayo. Kwa hiyo inawezekana kuacha kitu cha hasara, inachukua miaka 232 tu, mumeo bado kijana.)

Shemeji wa Houston asikuchezee. Hiyo kodi ipo, imeanza 1 Januari mwaka huu, ni asilimia moja, lakini inamgusa anayepeleka pesa taslimu dirishani au hundi za namna hiyo. Anayetuma kwa akaunti ya benki ya kule au kadi ya kule haimgusi. Kwenye dola 200 hata angekatwa ni dola mbili. Mpigieni mumwambie dola mbili tutakurudishia kwa dagaa, tuma.

Swali lako la pili, urudi kwenu. Hapana, bado, na nauli yenyewe imesitishwa. Nikueleze badala yake ile serikali ilifunguka vipi, maana hili naona mumeo hakulitangaza kijiweni. Mambo mawili. La kwanza waongoza ndege waliokuwa wanafanya kazi bila mshahara wakaanza kuugua. Mmoja kichwa, mwingine tumbo, Novemba ikafika viwanja 40 vikubwa vikaamriwa kupunguza safari, na watu wenye hela zao wakalala kwenye mabenchi. Mwaka 2019 ilikuwa hivo hivo, siku ndege ziliposimama New York ndo siku ile ile Ikulu ilikubali yaishe. Siku zote walizolala njaa wale watumishi wa chini hakuna aliyeshtuka, ila ndege kuchelewa, ah.

Kwa hiyo na wewe Jumapili ugua. Usinune, usipige kelele, jifunge kitenge kichwani, lala. Watoto wapeleke kwa mama mkwe asubuhi na mapema. Friji iache na karatasi zake. Saa nane mchana wale wa kijiweni wakija kuangalia mpira, kama nilivyoelewa huwa wanakuja na wanakula, awaeleze ye mwenyewe kwamba mtumishi muhimu kaugua.

La pili, kura sitini. Republican walikuwa hawazifikishi peke yao, wakasubiri mpaka maseneta wanane wa kambi ya pili wakavuka. Wewe hauhitaji wanane. Unamhitaji mama mkwe, na ukishampelekea wajukuu watatu Jumapili asubuhi, mkubwa akiwa na viatu vinavyombana, mwache aulize mwenyewe viatu vya nani hivyo. Usimsemee mtoto. Nakuhakikishia kabla ya adhuhuri atakuwa kashavuka, na atakuja na bajaji ya mtu mwingine.

Akifungua, na atafungua kabla ya hiyo 43 yake, madai yako ni matatu tu, viatu, malimbikizo, na daftari la bajaji. Mengine mpe, hata jezi mpe.

Na ile voisi ya yule dada nitumie.

Shangazi